Uliza Inalia Lini: Namna ya Kumtambua Fundi Anayejua Kusikiliza Gari

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka Land Cruiser kwenye gereji moja mjini Arusha. Ilikuwa inakwaruza kila nilipokata kona ya kushoto. Nikasema, "Fundi, beringi ya mbele imekufa." Wakanisadiki. Wakabadilisha beringi za pande zote mbili pamoja na sili zake, nikalipa, nikaondoka. Kufika kipilefti cha kwanza, gari likakwaruza vilevile kama jana.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye gereji yake haikuwa hata na paa. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Inalia lini, mwanangu?" Hakuuliza inalia wapi. Aliuliza lini. Ukikata kushoto tu, au na kulia? Ukikanyaga mafuta, au hata ukiachia? Na ukigusa breki? Nikamwambia kwamba nikigusa breki mlio unabadilika. Akalala chini ya gari, akapitisha bisibisi nyembamba kati ya disiki na lile bati la kuzuia vumbi nyuma yake, na kijiwe kidogo kama punje ya mahindi kikadondoka mchangani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwapima mafundi kwa swali hilo. Fundi asiyejua huanza na wapi, kwa sababu wapi ndipo spana inapokwenda. Fundi anayejua huanza na lini, kwa sababu chuma husafirisha sauti. Mlio unaozaliwa kwenye gurudumu la kulia hupanda ekseli, ukaingia kwenye chasisi, ukakufikia miguuni upande wa kushoto. Sikio la dereva hudanganyika kirahisi kuhusu mahali. Kuhusu wakati hudanganyika mara chache mno.

Kinachobadilika gari linapokata kona

Mwongozo huu naujenga juu ya Land Cruiser ya jamii ya 70, gari lililotoka mwaka 1984 na ambalo hadi leo limejaa kwenye barabara ya kutoka Makuyuni kupanda Karatu, Ngorongoro na kushuka Serengeti. Ekseli yake ya mbele ni bomba moja zima la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila mwisho wa bomba hilo kuna tufe la chuma ambalo gurudumu hupindia.

Ukizungusha usukani wa gari kama hili, mambo matano hutokea kwa pamoja. Uzito huhamia upande wa nje wa kona. Shafti inayozungusha gurudumu la mbele hulazimika kuzunguka huku imepinda. Tairodi husukuma na kuvuta. Pampu ya pawa stelingi hubana mafuta yake. Na magurudumu ya ndani na ya nje huanza kwenda umbali usiolingana. Kila jambo lina mlio wake likiharibika, na kila mlio una wakati wake. Fundi bora anayabeba yote matano kichwani kabla hujazima injini.

Tak-tak-tak ya sivijointi

Mlio ambao madereva wa safari wanauogopa kuliko yote ni ule wa sivijointi ya mbele, kiungo kinachoiwezesha ile shafti kuzunguka huku imepinda. Muundo wa jointi hii ulibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920, na ni kazi ya kuheshimiwa. Ndani yake kuna gololi 6 zilizoshikwa na kizimba cha chuma, kila moja ikitembea ndani ya mfereji wake. Gari likienda moja kwa moja, gololi hutulia karibu mahali palepale. Usukani ukipinda, kila gololi huenda na kurudi ndani ya mfereji katika kila mzunguko wa shafti. Mfereji ukishachimbika, gololi hutumbukia kwenye shimo na kuruka kutoka humo. Huo ndio mlio wa tak.

Kwa hiyo sahihi yake ni hii: usukani umepinda sana, fo-wili imeingia, mguu uko kwenye mafuta, na mlio unaharakisha kadiri gurudumu linavyoharakisha. Ukiachia mafuta unafifia au unakufa.

Jaribio lake lifanyike kwenye ardhi laini. Fundi anaingiza fo-wili na gia nzito, anapinda usukani hadi karibu na mwisho, anakwenda polepole mbele na nyuma, kushoto kisha kulia. Halafu anashuka, anazungusha kwa mkono makufuli ya magurudumu ya mbele kutoka loki kwenda frii, anatoa fo-wili, na kurudia mzunguko uleule. Makufuli yakiwa frii, shafti za mbele haziendeshwi tena. Mlio ukinyamaza, ugonjwa uko kwenye shafti. Ukiendelea, sivijointi haina kesi, na atakayekuuzia mpya anakula pesa yako. Tazama pia mguu wa fundi: akikanyaga mafuta kwa nguvu huku usukani umepinda hadi mwisho, mpe funguo mwingine, kwa maana hapo ndipo jointi chovu hupasuka.

Mvumo wa beringi na kucheza kwa kingipini

Beringi ya gurudumu haigongi, huvuma. Mvumo wake hufuata mwendo wa gari, haujali mguu wako uko kwenye mafuta au la, na hubadilika kwa uzito. Ukikata kushoto uzito huenda kulia, basi mvumo unaopanda kwenye kona ya kushoto huishtaki beringi ya kulia. Fundi asiyefikiri hufungua upande uleule ambao usukani umeelekea.

Gari likiwa juu ya jeki, kila fundi hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Anayejua hutikisa mara mbili. Mara ya pili humwomba msaidizi akanyage breki, na breki hushikamanisha habu na kiungo kinachoibeba. Kucheza kukipotea, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Kucheza kukibaki, tatizo liko kwenye beringi ndogo za kingipini, juu na chini ya lile tufe la ekseli. Jaribio hili ni la dakika mbili na halihitaji chombo chochote zaidi ya jeki. Fundi asipolifanya, usimruhusu afungue nati hata moja.

Milio mingine

Koh moja tu, pale usukani unapogeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ni ya ncha za tairodi, ya fito za usukani au ya bushi zilizochoka. Gari liwe chini, injini iwake, msaidizi atikise usukani kidogo kushoto na kulia, na fundi apitishe kiganja juu ya kila kiungo. Kiganja huhisi pigo kabla ya jicho kuona.

Mlio wa kulalamika usukani ukifika mwisho ni pampu inayobana mafuta yasiyo na pa kwenda. Ukidumu sekunde moja, ni kawaida, na dawa ni kuurudisha usukani kidogo. Ukisikika kona nzima, fungua kopo la mafuta ya pawa stelingi. Yakiwa yamepungua au yana povu, hewa imeingia, na kuna mahali panapovuja.

Mkwaruzo unaotokea mwisho kabisa wa usukani mara nyingi ni tairi linalogusa springi au chasisi, hasa baada ya kufunga matairi mapana. Fundi mzuri hutafuta mahali palipong'aa. Asipopaona, hupaka chaki na kuzungusha usukani.

Kuna na mlio wa dereva. Land Cruiser nyingi za aina hii hazina difu katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiingiza fo-wili kwenye lami na kukata kona, ekseli hizo mbili hutaka kwenda umbali tofauti na haziruhusiwi. Usukani huwa mzito, matairi huruka, na chuma hupiga kishindo. Gari ni zima. Toa fo-wili, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyooka, na kishindo kitaisha. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo bila kukutoza kipuri, na dereva mwaminifu atakiri kwamba aliisahau fo-wili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo ni hivyohivyo.

Kuhesabu

Hapa ndipo mafundi wa kawaida na mafundi wa daraja la juu huachana. Tairi la 7.50-16 lina mzingo wa takribani mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, gurudumu huzunguka mara moja hivi kwa sekunde. Propela huzunguka karibu mara 4 katika muda huohuo, kwa sababu difu hupunguza mwendo kwa kiasi hicho. Mlio unaogonga mara moja kwa sekunde unatoka kwenye gurudumu, disiki au tairi. Mlio wa haraka kiasi cha kushindwa kuhesabu vizuri unaelekea kwenye propela na krosijointi zake, na huo kwa kawaida husikika hata gari likiwa limenyooka. Ukimwona fundi ametoa kichwa dirishani, gari likitambaa, midomo yake ikihesabu, umefika mahali pazuri.

Tena, kabla ya yote hayo, atakuwa ameshusha jeki, madumu na sanduku la spana. Magari mengi ya safari yamerefushwa chasisi na kuongezewa bodi na paa la kufunguka. Bodi ndefu ina viungo vingi vya kulia, na kuna magari yaliyofunguliwa ekseli kwa sababu ya spana iliyokuwa ikitembea chini ya kiti.

Kuipima kazi iliyofungwa

Utambuzi ukishakuwa sahihi, ufundi wa mikono nao una alama zake. Omba kipuri kilichotolewa. Pitisha ukucha ndani ya mifereji ya sivijointi. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, umeonyeshwa ukweli. Mifereji ikiwa laini kote, uliza maswali.

Tazama grisi ya zamani. Ikiwa ni uji mweusi unaochuruzika upande wa ndani wa gurudumu, sili ya ndani ya ekseli imechoka na oili ya difu imeingia kwenye tufe, ikaiyeyusha grisi. Kuweka jointi mpya bila sili mpya ni kuikabidhi kwenye uji uleule. Grisi inayostahili hapo ni ile yenye molibdeni, na iwe ya kutosha, kwa kuwa vumbi la majivu la nyanda za Ndutu huingia popote palipo na nafasi.

Baadhi ya mafundi huhamisha jointi ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, ili nguvu iangukie upande wa mifereji ambao haujachimbika. Mlio hunyamaza kweli. Hilo si kosa iwapo fundi amekwambia wazi kwamba amekununulia muda. Ni kosa kubwa akikwambia amekuponya.

Kwenye kingipini, angalia kama vile visahani vyembamba vya chuma vya juu na vya chini vimetunzwa kila kimoja mahali pake, na kama fundi amevuta mkono wa usukani kwa mizani ya ndoano kupima ukazo wa beringi. Anayekaza kwa kukadiria huacha usukani mzito au unaocheza. Na mwisho wa kazi, arudi barabarani na wewe, kwenye kona ileile, kwa mwendo uleule, gia ileile. Kazi ambayo haikurudishwa kwenye kona iliyoizaa haijakamilika.

Lipia sikio

Yule mzee wa kijiwe hakunitajia bei. Alifuta bisibisi yake na kusema gari halina kitu. Hapo nikaelewa kwa nini gereji ya kwanza ilifanya ilivyofanya. Sisi wenye magari tumezoea kulipia vipuri na jasho. Fundi akikesha chini ya gari akafungua kila kitu, tunampa pesa kwa heshima. Fundi akisikiliza nusu saa, akauliza maswali saba na kutoa kijiwe, tunamshukuru na kuondoka. Kwa desturi hiyo tunawafundisha vijana wa gereji kwamba kubadilisha kunalipa na kusikiliza hakulipi, kisha tunalalamika kwamba wanabadilisha bila kusikiliza.

Nilimlipa yule mzee sawa na gharama ya ufundi niliyotozwa kwa beringi mbili ambazo hazikuwa na kosa, na sikuona kuwa nimemzidishia. Nakuomba, msomaji, ufanye hivyohivyo. Kabla fundi hajagusa spana, mwambie: nitakulipa kwa kutambua, hata usipobadilisha chochote. Kisha kaa kimya umsikilize anaanza na swali gani.