Shukurani kwa Madereva wa Njia ya Zambia

Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya kusini iliyoipatia Zambia mafuta ikafungwa, dhima ya kuinusuru nchi ile iliwaangukia madereva wa malori, waliopakia mapipa Dar es Salaam, wakaukwea mlima wa Kitonga kwa gia nzito, wakapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kisha wakarejea na shaba.

Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa udongo na changarawe, wala haikuwa bure watu kuiita njia ya Jahanamu. Masika yalipoingia, matope yalimeza magurudumu, na utingo, ambaye naona hakupata sifa aliyoistahiki, alishuka na koleo hata usiku wa manane. Wengine waliangamia makorongoni, Mola awarehemu.

Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilipokamilika mwaka 1968, mzigo wa mafuta uliwapungukia; shaba waliendelea kuibeba kwa uaminifu, maana reli ya kuiunganisha Zambia na Dar es Salaam ilikuwa bado haijajengwa.