Rangi Mpya, Mkono Mfu

Gereji moja hapa Tunduma imefufua Massey Ferguson 135, trekta la miaka ya 1960 na 1970. Rangi nyekundu inang'aa, picha zimesambaa WhatsApp, kila mtu anasifu. Mimi nilitazama kwanza mikono miwili ya haidroliki, kulia kwa kiti.

Mmoja hunyanyua na kushusha plau. Wa pili umebeba wazo ambalo Harry Ferguson alilipatia hataza Uingereza mwaka 1926: plau likifika penye udongo mgumu, nguvu yake hubana springi kubwa nyuma ya trekta, na haidroliki hulinyanyua kidogo bila dereva kugusa kitu.

Hapa springi haipo, pamechomelewa chuma. Mkono wa pili unachezacheza tu.

Simlaumu fundi. Spea halisi ni ghali na msimu haungoji. Wenye kosa ni sisi wasifiaji, tunaoita “halisi” kinachopendeza kwenye picha. Bodi lililobonyea ningeliacha na makovu yake. Springi ningeitafuta kwanza. Bila hiyo, dereva wa Mbozi atalima siku nzima shingo ikiwa imegeukia nyuma.