Ulaini na Mparuzo katika Picha za Vyombo vya Jikoni: Uhakiki kwa Kuzingatia Jiko la Nyarugusu

Mnamo Julai 1955 jarida la Fortune lilichapisha picha za zana za mafundi zilizopigwa na Mmarekani Walker Evans, zikiwamo koleo, spana na mwiko wa mwashi. Kila zana imelazwa peke yake, ikiwa mpya, pasipo mkono wala kazi. Wapiga picha wengi wa vyombo vya jadi vya jikoni hufuata njia hiyohiyo: ungo juu ya kitambaa cheupe, chungu mbele ya ukuta mtupu. Uhakiki huu unashikilia kwamba njia hiyo, ifaayo kwa spana ya dukani, hukipotosha kinu cha Nyarugusu.

Sababu imo katika kinu chenyewe. Nje kina alama za tezo, na ndani kimelainika kwa kutwangwa. Mchi nao ni laini pale unaposhikwa, ilhali ncha zake zimechakaa na kutoa nyuzi za mti. Hivyo ulaini na mparuzo havikupangwa ili vipendeze jicho. Ni kumbukumbu ya kazi. Picha ya karibu mno, inayokata mdomo wa kinu na kubakiza mistari ya mti tu, huonesha tofauti hiyo na kuificha sababu yake. Mkono mmoja ndani ya fremu ungetosha. Uso si lazima, na kwa mkimbizi huenda usiwe salama.

Mwanga wa pembeni, wa asubuhi au alasiri, huibua mparuzo. Mwanga wa kamera unaotoka mbele huufuta. Tatizo gumu zaidi ni masizi. Kipima mwanga cha kamera huvuta kila kitu kuelekea kijivu, hivyo chungu cheusi hutoka kama kimepakwa majivu, na ungo mweupe hufifia. Mpiga picha asiyepunguza mwanga anapopiga chungu huwa amekiosha bila kukusudia.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Katika jiko la namna hiyo kinu hukaa jirani na sufuria ya alumini na kopo la mafuta ya msaada. Anayeliondoa kopo ili picha ionekane ya jadi anaondoa pia habari ya jinsi chakula kinavyopatikana hapo. Isitoshe, bati linalong'aa kando ya mti uliochakaa ndio mkinzano mkali kuliko wote jikoni humo. Ni ajabu kwamba hutupwa na walewale wanaoutafuta mkinzano.

Maelezo ya picha nayo yana uzito. “Kinu cha jadi” hakisemi lolote. Mtanzania hutwanga kisamvu. Mkongomani huyaita majani hayohayo sombe, na iwapo kinu ni chake, neno hilo ndilo linalostahili kuandikwa chini ya picha.