Nani Anachekwa? Dhihaka na Siasa katika Filamu za Kongo

Wanafilamu waliofunzwa mjini Goma, katika kituo cha Yole!Africa alichokianzisha Petna Ndaliko Katondolo, wamerithi vicheko viwili. Cha kwanza ni cha mkoloni. Katika miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst, mmishenari wa Kibelgiji, alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Fani yake iliwafuata Laurel na Hardy; maudhui yake yalikuwa mafunzo: Mwafrika alichekwa ili aadilishwe.

Cha pili ni cha Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu. Katika La Vie est belle (1987), aliyoiongoza pamoja na Benoît Lamy, mtumishi Kourou ndiye mshindi. Anayechekwa ni tajiri Nvouandu, bwana mkubwa aliyepungukiwa nguvu za kiume. Mobutu hatajwi, na mtazamaji wa Zaire hakuhitaji kutajiwa. Hiyo ndiyo kinga ya dhihaka, na ndio udhaifu wake: mkubwa huaibishwa, lakini chanzo cha ukubwa wake hakihojiwi.

Kwa msanii wa Goma, basi, swali si iwapo vita vinachekesha, bali iwapo kicheko kitamwangukia mkimbizi au mwenye bunduki.