Bustani juu ya lava: gunia linavyofanya kazi Goma

Wengi wanaoanza bustani nyumbani hutafuta mbegu kwanza. Goma mbegu ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yote iko kwenye udongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita uwanja wa ndege, ikaukata mji katikati mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Watu walirudi wakajenga juu yake, na mawe yaleyale yakawa kuta za nyumba na za parseli. Katika parseli nyingi jembe halizami, linagonga mwamba. Lava hiyo ina potasiamu nyingi, ila imefungwa ndani ya jiwe, na nitrojeni inayolisha majani karibu haimo.

Ndiyo maana bustani ya gunia inafaa kuliko tuta kwa mtu anayeanza hapa. Si jambo jipya: huko Kibera, Nairobi, magunia ya mboga yalienea baada ya ghasia za uchaguzi wa mwisho wa 2007. Wanaoliiga gunia bila kulielewa hujaza udongo tu, wakamwagilia juu. Maji hulowesha sehemu ya juu, yakitafuta njia ya mkato pembeni, na miche iliyo chini inakauka huku ya juu ikioza.

Kinacholifanya gunia liwe bustani ni nguzo ya mawe katikati. Unachukua kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili, unalisimamisha ndani ya gunia, unalijaza vijiwe na kuzungushia udongo. Kisha unalivuta kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Maji yakimwagwa juu ya nguzo hushuka hadi chini, yakipenya kwenye udongo kila upande. Hapa Goma imebahatika kuliko Kibera. Jiwe la lava lenye matundu hubaki na maji kidogo baada ya mengine kupita, na liko mlangoni bila kununuliwa. Vichekeche vijiwe kwanza, kwa sababu unga wa mawe huziba nguzo nzima.

Kabla ya kujaza, chagua mahali. Gunia lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 80 hubeba zaidi ya lita 150, na udongo huo ukilowa hukaribia kilo 200. Halisogezwi tena. Goma iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Gunia lililobanwa kwenye ukuta mrefu upande wowote kati ya hizo mbili litakosa mwanga miezi kadhaa. Liache wazi, mkono ufike kila upande.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za udongo, moja ya mboji au samadi iliyoiva, na moja ya changarawe laini ya lava. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jivu la makala kutoka kwenye mbabula lina potasiamu na hupunguza asidi, lakini konzi moja au mbili kwa gunia zinatosha. Ukizidisha, udongo unaharibika kwa chumvi. Mboji ndiyo inayostahili subira, nami ningeianza Juni, mvua zikiwa zimepungua, ili iwe tayari Septemba zinaporudi. Maganda ya ndizi na viazi yanayotupwa kila siku yana thamani kubwa katika mji huu. Udongo mzuri hununuliwa kutoka nje, na mboga za Kibumba na Masisi huja kwa barabara ambazo vita vimezifunga mara kwa mara, hata kabla waasi wa M23 hawajauteka mji mwishoni mwa Januari 2025. Mama mwenye mboji yake anategemea barabara hizo kidogo zaidi kwa mboga ya jioni.

Panda lengalenga. Juu ya gunia mwaga mbegu chache. Pembeni toboa matundu yanayopishana, uingize miche iliyokwisha kuota. Baada ya wiki tatu au nne kata shina ukibakiza vifundo vya chini, litachipua tena. Kitunguu majani na seleri hukaa vizuri kandoni. Sombe iache: muhogo unataka nafasi ambayo gunia halina.

Maji ya bidoni yana gharama, kwa hiyo funika udongo wa juu kwa changarawe ya lava. Wakulima wa La Geria, kisiwani Lanzarote, walijifunza hilo baada ya milipuko ya 1730 hadi 1736: changarawe nyeusi huzuia unyevu usitoroke. Wao waliichimba mpaka wakaufikia udongo wa zamani, jambo ambalo lava ya Goma, iliyoganda ikawa mwamba, hairuhusu. Ukikinga maji ya mvua pia, mvua ya kwanza baada ya siku kavu iache ioshe bati kabla hujaikinga, kwani hubeba vumbi na asidi ya moshi wa volkano.

Gunia la plastiki huchakaa kwa jua na kuchanika baada ya misimu michache. Usiutupe udongo wake. Panga mawe ya lava kwenye mduara, umwage humo, uongeze mboji. Udongo wa magunia matatu au manne unatosha tuta la kudumu linalofika magotini, na hapo hata kabichi itapata pa kukaa.