Maneno Saba ya Mgeni: Uhakiki wa Ziara ya Siku Moja Kusini mwa Unguja

Kabla gari halijatoka Mji Mkongwe, mwongozaji wetu aligeuka nyuma akatufundisha Kiswahili. Tulikuwa sita ndani ya Land Rover kuukuu iliyotolewa paa: Wajerumani wawili, Mfaransa na mkewe, mwanafunzi mwenzangu na mimi. Maneno yalikuwa saba: jambo, karibu, asante, mambo, poa, pole pole, hakuna matata. Tuliyakariri kwa sauti, wageni wakacheka, gari likaondoka. Mwenzangu na mimi tuliyakariri pia. Mwongozaji aliposikia tumetoka Uganda alisema kwa Kiingereza kwamba Waganda hawajui Kiswahili, nasi hatukumsahihisha. Kozi yetu ina mada ya Kiswahili na utalii, na tulitaka kuisikia ziara kama inavyosikika na wateja wake.

Katika makala hii ninaihakiki ziara hiyo kama tunavyohakiki utendaji wowote wa fasihi simulizi. Ina fanani, ambaye ni mwongozaji. Ina hadhira iliyolipa. Ina mandhari, wahusika na mpangilio wa matukio unaorudiwa kila siku kwa wageni wapya. Hoja yangu ni kwamba ila ya utendaji huu haiko katika habari anazozitoa fanani, kwa kuwa nyingi ni sahihi na nyingine ni za thamani kubwa. Ila yake iko katika tafsiri. Maneno ya mgeni yanamfikia mwenyeji, lakini maneno ya mwenyeji hayamfikii mgeni.

Nianze na mandhari. Ziara hii inauzwa kama safari ya nje ya lami, na kweli tulirushwarushwa vya kutosha katika njia za mawe baina ya vichaka, mahali ambapo udongo ni haba na jiwe la matumbawe limechomoza kila upande. Lakini lami inafika Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi. Daladala zinapeleka watu huko kila siku, pamoja na magunia yao ya unga na ndoo zao za samaki. Njia mbovu tuliyopita ilichaguliwa. Kazi yake ni ile ya mwanzo wa ngano, pale msimulizi anapotupeleka mbali na hapa tulipo ili tuamini kuwa yatakayotokea ni ya dunia nyingine. Mgeni anayefika kijijini akiwa na vumbi kwenye nyusi haamini kwa urahisi kwamba mwenyeji wake alikuwa mjini jana kwa daladala kumtazama mgonjwa.

Sasa nije kwenye lugha. Neno la kwanza tulilofundishwa, jambo, ni mabaki ya salamu. Salamu yenyewe ni hujambo, yaani huna jambo lililokupata, na jibu lake ni sijambo. Ndani yake mna mtu anayeulizwa na mtu anayejibu. Ukikata kiambishi, watu hao wote wawili wanaondoka. Wapo wanaosema hilo ni kosa dogo la wageni, na kwamba lugha ya biashara hurahisishwa kila mahali. Nakubali. Ninachokihakiki mimi si sarufi bali uteuzi. Katika maneno yale saba hamna neno la kuulizia. Hamna nani, nini, lini, wala kwa nini. Mambo ni swali kwa umbo tu, maana jibu lake limeshaandaliwa nalo ni poa. Vilevile hamna naomba na hamna hapana. Aliyepewa msamiati huu anaweza kufurahi, kushukuru na kumhakikishia mwenzake kuwa hakuna taabu. Hawezi kujua kama taabu ipo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kwetu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini mpaka leo wazee wengi wanakisikia kwa hofu. Babu yangu alikijua Kiswahili cha vizuizi vya barabarani: simama, toa, lete, lala chini. Nilipomwambia nimechagua kukisomea chuoni aliniuliza nitakuwa askari wa wapi. Alikuwa na maneno machache ya lugha hii, na yote yalikuwa ya kuamrishwa. Nimetumia miaka mitatu kumwonyesha kwamba kuna Kiswahili kingine, cha kubembeleza, cha kutaniana, cha kuuliza hali. Ndiyo maana nilipoketi ndani ya gari lile na kusikia orodha nyingine fupi, nilistuka kidogo. Orodha ya babu ilikuwa ya kuamrisha na hii ilikuwa ya kufurahisha, lakini zote mbili hazina nafasi ya mtu wa upande wa pili kusema lake.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiponda makumbi. Hapa fanani alionyesha ujuzi wake. Alieleza vizuri jinsi makumbi ya nazi yanavyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa, yanavyofukuliwa na kupondwa kwa mti mpaka nyuzi zitengane, na jinsi usumba huo unavyosokotwa kuwa kamba. Wageni walitoa simu na kamera. Yule mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga, akamwambia mwongozaji: "Baba, waambie wasinipige picha. Nimejaa matope mie." Mwongozaji akawageukia wageni akasema kwa Kiingereza kwamba mama anawakaribisha. Kamera zikalia. Mfaransa akasema "asante" na "hakuna matata".

Mimi nilisikia, nikanyamaza. Nimejaribu kujiambia kwamba nilikuwa nikifanya utafiti, na kwamba mtafiti haingilii. Sidhani kuwa hoja hiyo inasimama. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadhira inaweza kumkatiza fanani, kumsahihisha hata kumzomea. Siku ile hadhira nzima ilikuwa na watu wawili tu wenye uwezo wa kusahihisha, nami nilikuwa mmoja wao. Yule mama alikuwa amesema sentensi mbili fupi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angezitafsiri.

Tulifika Jambiani maji yakiwa yamepwa. Ilikuwa siku za bamvu, na wanawake walikuwa mbali kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwongozaji alieleza kuwa mwani hukaushwa, husafirishwa nje na kutumika katika dawa za meno, vipodozi na vyakula. Yote ni kweli. Kisha mmoja wa Wajerumani akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: je, huyu bibi anapata fedha ya kumtosha? Bibi mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka pale, anafunga miche kwenye kamba. Mwongozaji hakumwuliza. Alijibu mwenyewe kwamba mwani umewakomboa wanawake wa kijiji.

Hapo nilishindwa. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi." Akainua kichwa. "Marahaba, mwanangu. We watokea wapi?" Nikamwambia Uganda, akacheka, akasema Kiswahili changu kimenyooka kama cha redio. Nilipomwuliza habari za mwani, aliendelea kufunga kamba huku akieleza. Zamani walipanda aina mbili, nayo ile yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, siku hizi inaoza maji yakipata moto. Inataka kina kirefu, na huko kunahitaji chombo, na yeye kuogelea hajui. Imebaki ile nyembamba ambayo bei yake ni ndogo. Aliposema hayo aliniuliza kama wale wageni watanunua sabuni ya mwani dukani kwa wenziwe au wamekuja kutazama tu.

Niliwatafsiria wageni maneno yote, pamoja na swali la mwisho. Mwongozaji alinitazama kwa mshangao lakini hakukasirika. Wale Wajerumani walimwuliza yule bibi maswali mengine manne au matano kupitia kwangu, juu ya joto la maji, juu ya wanunuzi, juu ya mabinti zake. Hapana aliyeharibikiwa na siku yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu pekee ya ziara ambayo mwenyeji alitoka kwenye mandhari akawa mhusika.

Nisijipambe, hata hivyo. Makunduchi tulisimama karibu na wazee waliokuwa wakizungumza Kikae, nikadokoa neno moja moja tu. Sisi tunaosoma Kiswahili nje ya mwambao tunajua kwamba usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kilichochaguliwa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930. Tunalijua hilo kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimewahi kulihisi kwa masikio, kwamba mwendo mfupi kutoka mji huo kuna Kiswahili cha Unguja hiyohiyo ambacho kinaniacha mlangoni. Mzee mmoja alinisemesha, nami nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Kwa dakika ile nilikuwa mtalii wa maneno saba, ila yangu yalikuwa mengi zaidi kidogo.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote niliupata Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, ingawa sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18. Mlangoni mwongozaji alibadilika. Alisema kwa sauti ya upole isiyo na mzaha: vueni viatu, kina mama jifunikeni, ulizeni kabla ya kupiga picha. Wageni wakatii mara moja. Mke wa Mfaransa aliazima kanga, akajitanda, akatembea ndani kwa unyenyekevu. Hapana aliyenuna wala aliyedai fedha yake.

Tulipokuwa tunakula wali na pweza wa nazi, nilimwuliza mwongozaji kwa Kiswahili kwa nini hakuyafikisha maneno ya mama wa makumbi. Nayaandika majibu yake kwa haki, kwa kuwa ni kijana mwenye akili anayesema Kiitaliano na Kijerumani na anayeijua historia ya kisiwa chake kuliko wahadhiri wengine. "Dada," alisema, "mimi nalipwa kwa siku, na siku yenyewe ni bahashishi. Mgeni akijiona amekosea, hunyamaza njia nzima. Akinyamaza, mimi ndiye ninayelala njaa." Akaongeza kwamba mama yule hupewa chochote na kampuni kwa kila gari linalosimama, hivyo kwa namna fulani amekubali.

Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuishi kwa bahashishi. Lakini ziara yenyewe inaipinga. Kule msikitini mgeni aliambiwa usifanye, naye hakununa. Alifurahi kuongozwa. Kama jiwe lenye maandishi linaweza kuombewa heshima bila kuharibu biashara, sentensi mbili za mtu aliye hai zinaweza pia. Na kukubali gari lisimame si sawa na kukubali kila picha. Mwongozaji alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema atafikiri, kisha akaniomba nisiandike jina lake wala la kampuni. Sikuyaandika.

Kwa kumalizia, narudi kwenye orodha. Wapo wahakiki wanaotaka ziara za namna hii zikomeshwe. Sikubaliani nao, kwa sababu vijiji vile vinapata kitu kwazo, na swali la yule Mjerumani lilionyesha kuwa mgeni si mjinga wala hana roho mbaya. Amenyimwa lugha tu. Ningependekeza yaongezwe maneno matatu kwenye somo la asubuhi: naomba, kwa nini, na hapana. La tatu afundishwe mgeni alitambue anapoambiwa, si alitumie yeye. Sisi wanafunzi tunaoandaliwa kuwa wakalimani na waongozaji wa kesho tuna kazi ya kwanza kabla ya kujifunza mbinu yoyote, nayo ni kufikisha kilichosemwa, hata kama hakipendezi.

Siku ya pili nilipanda daladala kurudi kwa yule mama wa makumbi kumwomba radhi. Jirani yake aliniambia amekwenda shamba, niache salamu. Niliziacha.