Marehemu Anayesema: "Subway" na Ajali za Treni



Siye watu wa fasihi tuna mazoea ya kusema kwamba tamthilia za polisi za televisheni ni za kupitishia usiku tu, hazina la kuchambua. Mie mwenyewe nimeyasema hayo miaka mingi. Kilichonitoa katika msimamo huo ni kipindi kimoja cha saa moja, "Subway", katika mfululizo wa Homicide: Life on the Street, kilichorushwa na NBC Desemba 1997.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Tuko Baltimore, stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Bwana mmoja, John Lange, anasukumwa na kubanwa kiunoni baina ya behewa na ukingo wa stesheni. Yu hai, anaongea, anatukana watu. Lakini chini ya kiuno mwili umeharibika, na lile behewa lililombana ndilo linalomweka hai. Likisogezwa tu, atakufa. Mpelelezi Frank Pembleton anaitwa kupeleleza mauaji ambayo bado hayajakamilika.

James Yoshimura, mwandishi wa kipindi hiki, alilipata wazo lake katika Taxicab Confessions ya HBO, ambamo mpelelezi alisimulia kisa cha namna hii. Angeweza kutuandikia mshindo, mayowe na chuma kupindana. Hakufanya hivyo. Alijua kwamba hadithi ya upelelezi ina kanuni yake: aliyeuawa hana kauli. Maiti ni kitendawili, askari ndiye mteguzi, na watazamaji tunaburudika bila kudaiwa kitu. Yoshimura kampa marehemu ulimi. Na marehemu akishasema, swali la "nani kamsukuma?" linakuwa dogo. Kubwa ni "nani atakaa naye?"

Upigaji picha nao unalitumikia swali hilo. Walipiga ndani ya stesheni ya kweli. Vincent D'Onofrio, aliyemwigiza Lange, hana miguu ya kutembelea wala nafasi ya kugeukia. Anaigiza kwa kifua, mikono na uso. Andre Braugher, aliyefariki 2023, analazimika kuinama mpaka nyuso zao zikabiliane, na askari yule mwenye kiburi anashushwa hadi usawa wa mtu anayekufa. Mwaka 1998 PBS ilionyesha filamu nzima kuhusu namna kipindi hiki kilivyotengenezwa. Anayefundisha uandishi wa tamthilia aitafute.

Lawama yangu ni moja. Huku Lange anakata roho, mpelelezi Bayliss anambana mshukiwa mpaka uongo wake unatoka. Hapo naona mwandishi kaiogopa hadithi yake mwenyewe. Tukishapewa mkosaji, tunapumua. Kifo kinapata sababu, na faili linafungwa. Afadhali yale ya mpenzi wa Lange: wapelelezi wawili wanamtafuta mji mzima wasimpate, kumbe yuko kwenye mazoezi ya kukimbia, na mwishoni anapita karibu na stesheni asijue lolote. Hilo halina wa kulaumiwa, ndiyo maana linauma zaidi.

Mtaniuliza, haya ya Wamarekani yatuhusu nini? Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Mie nilikuwa ughaibuni, na kila siku nilikuwa naifuatilia ile hesabu ikipanda. Mpaka leo ukiniuliza Igandu nitakutajia tarehe na idadi, kama mtoto aliyekariri. Jina hata la abiria mmoja sina.

Simlaumu mwandishi wa habari. Kazi yake ni kuhesabu. Lakini sanaa ina kazi nyengine. Akitokea kijana wetu akataka kuiandikia tamthilia ajali kama ile, nitamwambia asihangaike kutafuta treni ya kuiangusha. Atafute abiria mmoja, ampe muda wa kuongea, halafu amweke mtu wa kumsikiliza. Kwetu mgonjwa mahututi haachwi peke yake. Huwa na mtu pembeni wa kumshika mkono na kumlakinia shahada. Pembleton, bila kujua, alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo.

Nakaribisha kukosolewa.

Wassalaam.